Moshi Uliolala Kwenye Kopo la Maziwa

Jua halijaingia gereji. Limefika kizingitini na kusimama pale kama mgeni asiyekaribishwa, maana mlango wa chuma umepandishwa hadi usawa wa magoti tu ili wapangaji wa ghorofani wasilalamike.

Ndani, gari jeusi la kifahari, refu, lenye viti vya ngozi na skrini pana kama runinga ya sebuleni, linawashwa likiwa baridi. Halingurumi. Linakohoa mara moja, kisha linaguna kwa adabu kama mtu mwenye cheo. Mabomba yake mawili yanatoa moshi mweupe, mzito, usio na haraka. Moshi unapanda hadi darini, unajikunja, unashuka taratibu na kutua mabegani mwa watu.

Mafundi wamesimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, kimya kama watu waliofika msibani mapema. Hakuna aliyegusa boneti. Wote wanamtazama mtu mmoja mwembamba, ovaroli yake imepauka magotini, ameshika kitambaa cheupe mbele ya bomba. Wanamwita Pua.

Pua anakipeleka kitambaa usoni, anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Ukimtazama utadhani anasikiliza wimbo unaopigwa mtaa wa pili. Moshi unampitia, unamfuta kiunoni, unamrudisha.

Kwa kawaida, akimaliza hapo husema maneno mawili tu: "Moshi ulale." Maana yake kila mtu arudi kwenye kazi yake, jibu litakuja kesho. Leo anafumbua macho, anakikunja kitambaa mara nne na kusema kitu kingine.

"Namfuata mke wangu."

Kuna fundi mmoja hapo wanayemwita Bunge kwa sababu hajawahi kukosa hoja. Anauliza kama shemeji naye siku hizi anauzwa kwenye duka la spea. Watu wanacheka. Pua hacheki. Anainama chini ya mlango na kutokea upande wa jua.

Katika gereji hii moshi husomwa kwanza, spana hufuata. Ndiyo desturi. Gari linalofuka likiingia, mafundi wote huacha walichoshika na kusimama nyuma yake, na boneti haifunguliwi hadi Pua aseme. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe ni maji yaliyopenya mahali yasipotakiwa, au dizeli iliyotoka bila kuungua. Hayo hata anayeosha magari anayajua.

Tatizo ni kwamba rangi huongopa. Chini ya paa la gereji, kwenye mwanga wa taa ndefu, buluu huonekana nyeupe, na nyeupe jioni huingia ubuluu. Kisichoongopa ni harufu, na kwa harufu gereji hii ilikuwa na mtu mmoja.

Alifundishwa na mjomba wake, dereva wa lori, ambaye hakuwa na subira ya maneno. "Mjomba alikuwa ananisimamisha nyuma ya lori, ananiuliza, linalia nini?" anasimulia Pua. "Si linanuka nini. Linalia nini. Nikikosea hapandishi sauti, anaondoka tu na lori, mimi nabaki barabarani natafuta jibu."

Amelitafuta jibu hilo nyuma ya magari maisha yake yote ya kazi. Ana watoto watatu, wawili bado wako shule, na nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kimejaa shuka za watu, kwa sababu mkewe ni dobi.

Sasa, hapa pana jambo la kukumbushana, kwa kuwa wapo wanaopenda lisahaulike.

Nyuma ya gereji hii palikuwa na uwazi mpana, ukuta hadi ukuta. Upepo uliingia kwa mlango na kutokea pale, na moshi uliondoka nao bila kuaga. Wapangaji wa ghorofani, watu wa mapazia na mazulia, wakasema masizi yanachafua madirisha yao. Mwenye jengo akaujenga uwazi ule kwa matofali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa makusudi, na waliotakiwa kuziba kitu ni mafundi: midomo.

Walipouliza hewa itapita wapi, waliahidiwa feni. Na feni ilikuja, asiwepo wa kusema haikuja. Ilikuwa ya kijani. Ilikuja siku ileile waliyokuja wakaguzi. Ikafungwa juu ya ukuta, ikazunguka, wakaguzi wakaitazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakanywa soda, wakaenda zao. Chupa zilikuwa hazijarudishwa dukani feni ikawa imeshafunguliwa na kupakiwa. Ukimuuliza mwenye jengo leo atakuambia hayo ni ya zamani. Matofali bado yapo, meusi kama kitako cha sufuria.

Na lile gari jeusi linalotoa moshi mweupe ni la mwenye jengo.

Hajawahi kuliingiza mwenyewe. Humtuma dereva, mtu mpole mwenye shati la mikono mirefu, ambaye hukaa kwenye benchi nje akisubiri. Mwenye jengo husema hewa ya mle ndani inamkaba.

Harufu hazikumwacha Pua zote kwa siku moja. Anasema ilikuwa kama kukaa ukumbini huku watu wanaondoka mmojammoja bila kuaga. Kwanza ilikwenda harufu ya sabuni. Kisha kahawa. Kisha ile ya ardhi mvua inapoanza, ambayo hakugundua imekwenda hadi misimu miwili ikapita. Alidhani ni mvua zimebadilika.

"Siku niliyojua, sufuria ilikuwa inaungua pembeni yangu," anasema. "Mke wangu akaja mbio kutoka uani. Mimi nimekaa pale, natabasamu, nafikiria mambo yangu. Moshi umejaa chumba. Aliniangalia, akaangalia sufuria, akaniangalia tena. Akafungua dirisha."

Daktari alimuuliza kazi anayofanya, akamuuliza kama mahali hapo pana madirisha, kisha akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba pua iliyokaa ndani ya moshi miaka mingi huchoka, na kwamba kwa baadhi ya watu hurudi kidogo, kwa wengine hairudi. Akamshauri aondoke kwenye moshi. Pua anakumbuka alicheka, na daktari hakuelewa alichochekea.

Hakumwambia mtu gereji. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye methali hiyo anaijua, lakini methali haina watoto shule. Anayesoma moshi hulipwa zaidi ya wengine. Kwenye matairi, ambako wangempeleka, malipo ni theluthi moja ya anayopata, na mgongo ni wako mwenyewe.

"Refa kipofu bado ana filimbi," anasema. "Nikaamua nitapuliza hivyohivyo."

Ndipo ukazaliwa mtindo wa kulaza moshi.

Mkewe hufua shuka za nyumba ya wageni, na zile zilizochoka hupewa azichane. Ndizo vitambaa vyeupe ambavyo Pua huenda navyo kazini. Alianza kukishika kitambaa mbele ya bomba, kunusa mbele ya watu kwa heshima zote, kisha kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga mfuniko. "Moshi ulale," akasema siku ya kwanza, kwa kukosa la kusema. Mafundi wakaona ni hekima. Wakaanza kuambiana kwamba moshi haukatiwi shauri siku hiyohiyo, kwamba ukiachwa ulale hutulia na kusema kweli. Bunge alikuwa akiwaeleza wateja jambo hilo kwa kirefu, akiongeza na yake.

Moshi ulikuwa unalala kwenye kopo, ndani ya mfuko wa kazi, hadi nyumbani.

Jioni, wakishakula, watoto wakiwa nje, mke alikuwa akinawa mikono, akiifuta na kukaa. Pua anafungua mfuniko. Mke anafumba macho.

Yeye hajui injini. Anajua nguo, moto na jiko. Kwa hiyo alimweleza kwa lugha yake, na mume akajifunza kutafsiri. Pasi iliyosahaulika juu ya kola ilikuwa oili inayoungua. Utambi uliopulizwa sasa hivi ilikuwa dizeli ambayo haikuungua. Nywele za mwanasesere zilizoguswa na kiberiti, hizo zilikuwa nyaya. Pua anasema akiongea vile, taa ikiwa imewashwa na shuka za watu zinaning'inia chumbani kama ukungu, yeye alikuwa anaiona injini yote. Aliona oili ikitambaa. Aliona tone likipita mahali pembamba kama unywele.

"Nilikuwa nasafiri," anasema. "Nimekaa kitini, lakini nimo ndani ya gari la mtu, natembea kwenye mabomba. Yeye ananishika mkono, ananiambia hapa kuna giza, hapa kuna moto."

Mkewe, akisikia hivyo, anaguna. Kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine. "Alikuwa ananiletea takataka za watu ninuse kabla ya kulala. Wengine huletewa maua."

Kwa mtindo huo walipitisha magari mengi, na hawakuwahi kukosea. Hadi lilipokuja jeusi.

Mara ya kwanza lilifika jioni, moshi wake ukionekana una ubuluu kidogo. Msimamizi wa gereji alilichomeka kompyuta. Kompyuta haikudanganya: ilisema tatizo liko upande wa hewa na moshi. Lakini upande huo kwenye magari ya siku hizi ni mtaa mzima. Kuna tabo, ile inayoisukumia injini hewa. Kuna pia kipozaji kidogo cha moshi, kisanduku ambamo moshi unaorudishwa ndani ya injini hupoozwa kwanza kwa maji ya rejeta. Gari hilo halitupi moshi wake wote. Sehemu yake huirudisha ndani na kuichoma tena. Tabo ikivuja, oili huungua. Kipozaji kikivuja, maji huungua. Kompyuta ilitaja mtaa, nyumba haikuitaja.

Moshi ukalala. Nyumbani mke akafungua kopo, akafumba macho. Akasema kuna pasi kwenye kola, kwa mbali. Pua akamuuliza kama kuna kingine. Akasema hapana, ni hicho tu.

Kesho yake Pua alitamka: oili, tabo. Tabo ya gari lile inagharimu zaidi ya anachopata kwa miezi saba. Ilinunuliwa, ikafungwa, na kwa muda gari likaonekana limepona. Kisha dereva akarudi nalo, akashuka, akasimama pembeni ya mlango wake akiangalia viatu vyake. Moshi ulikuwa uleule.

Mwenye jengo hakupiga kelele. Alituma maneno, na maneno yake yalikuwa mafupi: gari lirudi kwake likiwa zima au gereji itafute jengo lingine. Msimamizi akamweleza Pua, bila ukali, kwamba akikosea tena hakuna wa kumkinga. Matairi yalitajwa.

Ndiyo maana asubuhi hii wote wanamtazama, na ndiyo maana amekwenda kumleta mkewe.

Mke anaingia kwa kuinama chini ya mlango, mikono ina povu hadi viwikoni, kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoka vitani. Anawaambia wote kwa pamoja kwamba ameacha shuka za watu majini, kwa hiyo kama kuna hotuba zifupishwe. Bunge anamwamkia, "Shikamoo, shemeji, karibu kwenye idara," naye anamjibu kwamba idara yenyewe inahitaji kufagiliwa.

Msimamizi anamuuliza Pua shemeji amekuja kufanya nini. Hana hasira, anauliza tu. Anamuuliza tena: yeye mwenyewe, kwenye kile kitambaa, amesikia harufu gani?

Pua anaangalia moshi kwanza, kana kwamba umeshika maneno yake.

"Sisikii kitu, mkubwa," anasema. "Siku nyingi."

Gari linaendelea kuguna. Hakuna anayejua aangalie wapi. Bunge ndiye anayeanza, na hata yeye anaongea taratibu, kama mtu anayepiga hesabu: "Kwa hiyo muda wote tuliokuwa tunalaza moshi, tulikuwa tunamsubiri shemeji amalize kuosha vyombo."

Mmoja anacheka, wengine wanafuata. Kicheko kinapanda kwenye moshi na kupotelea huko.

Pua anamkabidhi mkewe kitambaa. Mke anakataa. Anasema kitambaa hicho anakijua, amekifua mwenyewe, hana haja ya kukutana nacho hapa. Anasogea nyuma ya gari, anakunja kiganja na kujivutia moshi puani kidogokidogo, kama anayeonja mchuzi. Anafumba macho. Watu waliomzoea Pua akisimama vile sasa wanamwona anayenusa kweli.

"Pasi ipo," anasema. "Mbali." Anajivutia mwingine. "Na kuna kitu kitamu. Sukari iliyoungua chini ya sufuria."

Pua anamuuliza kwa nini siku ile hakuutaja utamu huo.

Mke anamgeukia. Anarudi, anachukua kitambaa kipya kutoka mfukoni mwa ovaroli ya mumewe, kile ambacho hakijaguswa na moshi wowote, na kukinusa. Anakaa nacho. Uso wake unalegea kama wa mtu aliyekumbuka mlango hakuufunga.

Nyumba ya wageni humpa dawa ya kulainisha shuka, ile yenye harufu ya maua na sukari. Kila kitambaa alichompa mumewe kilikuwa kimesuuzwa nayo. Kila jioni, akifungua kopo, aliipokea harufu hiyo kama mtu anayeisikia sauti yake mwenyewe, akaiweka pembeni, akatafuta za watu. Jioni ya gari jeusi palikuwa na utamu wa aina mbili. Yeye aliona mmoja, akadhani ni wake, na iliyobaki ikawa ile pasi, masalia tu ya oili bombani.

"Mume wangu," anasema, na gereji nzima inasikia, "ule haukuwa wangu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole kama ndoto ambayo kila mtu anaijua inakokwenda. Gari likazimwa. Msimamizi akamwita dereva kutoka kwenye benchi na kumuuliza kuhusu maji ya rejeta. Dereva alitazama tena viatu vyake. Alikiri amekuwa akiongeza maji ya bomba kidogokidogo, tangu kabla ya tabo, bila kumwambia bosi wake, kwa sababu gari likipungukiwa na kitu anayeulizwa ni yeye. Alidhani ni joto. Kumbe kila alipojaza alikuwa analifunika tatizo, na kuipunguza harufu tamu ya dawa ya kupoza iliyomo kwenye maji ya rejeta.

Injini ilipopoa, Pua mwenyewe alikifungua kipozaji. Ni kisanduku cha chuma cha kubebwa kwa mikono miwili. Kwenye mdomo wake palikuwa na utando wa rangi ya waridi, rangi ileile ya maji ya rejeta ya gari hilo. Wakaziba matundu yake, wakakizamisha kwenye karai la maji safi na kukisukumia hewa.

Walisubiri. Maji yalikuwa yametulia kiasi cha kuwaonyesha nyuso zao. Kisha kutoka pembeni, mahali ambapo jicho haliwezi kuona ufa, mapovu madogo yakaanza kupanda kwa mstari mmoja, moja baada ya jingine, bila haraka, kama shanga zinazovutwa kwenye uzi.

"Hapo," alisema Pua.

Kipozaji kipya kilipofungwa, gari liliwashwa asubuhi likiwa baridi. Bomba halikutoa kitu cha kuonekana. Nyuma yake hewa ilitetemeka tu, na ukuta mweusi ulioko nyuma ya hewa hiyo ukawa kama unaelea.

Lakini kisa hiki hakiko kwenye bomba. Kiko kwenye kilichotokea katikati, wakati mapovu bado yanapanda.

Mke wa Pua aliuliza kama mafundi hawa wote huwa hawaijui harufu ya maji hayo, kwa kuwa walikuwa kumi na kitu nyuma ya gari na hakuna hata mmoja aliyesema. Aliuliza hilo kwa nia njema. Hakutaka mumewe abebe peke yake. Akachukua galoni jipya la maji ya rejeta, akafungua kizibo na kumkabidhi aliyekuwa karibu, ili wanuse wote waijue, siku nyingine wasisumbue dobi.

Aliyekuwa karibu alikuwa Bunge.

Bunge alinusa. Akanusa tena. Galoni likakaa mikononi mwake kuliko ilivyohitajika.

"Vipi?" mke wa Pua akamuuliza.

"Harufu ya kawaida."

"Kawaida ipi, shemeji?"

Mtu ambaye hajawahi kukosa hoja aliangalia ndani ya galoni kana kwamba jibu limeandikwa chini. Halafu akampa jirani yake. Jirani, fundi wa breki, alinusa na kusema ni kama petroli. Si petroli, wala haikaribii. Wa tatu, aliyeajiriwa majuzi, alisema upesi: ni tamu, kama pipi. Wa nne akasema na yeye ni kama pipi, lakini aliangalia chini alipokuwa anasema. Galoni likaendelea, mkono kwa mkono, na kila lilipopita kwa mtu aliyezeeka na ukuta ule lilichelewa. Lilipofika kwa msimamizi, yeye hakulinusa kabisa. Alilifunga kizibo, akaliweka chini na kusema ana mafua.

Hakuna aliyecheka. Mapovu yalikuwa yanapanda.

Suala la Pua kwenda kwenye matairi halikutajwa tena. Ingebidi kuhamishia nusu ya gereji huko.

Wengine watasema ni bahati mbaya, kazi ina mambo yake. Haya, ni bahati mbaya. Lakini ni bahati mbaya ya ajabu hii, inayochagua watu kwa kuhesabu miaka waliyokaa nyuma ya ukuta mmoja, na kuwaruka wale wa ghorofani wenye mapazia.

Tangu gari jeusi lipone, mafundi wamekataa kuwasha injini ndani. Gari likitaka kusomwa wanalisukuma kwa mikono hadi nje, hata liwe zito namna gani, na mlango wa chuma sasa unapandishwa hadi juu. Ghorofani wameshalalamika. Bunge ndiye anayewajibu, na inasemekana wameanza kupunguza.

Gari jeusi bado halijaondoka. Desturi ya gereji inasema gari lililopona moshi huwashwa likiwa baridi mbele ya mwenyewe, aone kwa macho yake. Kwa mwenye jengo desturi hiyo ilikuwa inalegezwa, dereva anatosha. Safari hii dereva amerudishwa na ujumbe wa heshima kwamba aje mhusika. Na ataonyeshwa gari lake ndani, pale lilipo, mbele ya ukuta wake. Baada ya lake yatawashwa mengine mawili yanayofuka kweli, mlango ukiwa usawa wa magoti kama alivyokuwa anautaka, na mafundi watasimama naye, bega kwa bega. Wamekubaliana mazungumzo yaanzie hapo, na wamekubaliana pia watakachoomba: matofali yatoke. Feni hawaitaki tena. Feni wameshaiona.

Mke wa Pua hajawa fundi. Msimamizi alimgusia habari ya kuja siku chache kwa wiki, naye akajibu kwamba ana pua moja na haikodishwi mahali pasipo na dirisha. Watavunja ukuta, ndipo wazungumze bei.

Pua anafuata ushauri wa daktari. Kila asubuhi mkewe humwekea mezani kahawa ya unga, ganda la limau na kipande cha sabuni isiyo na dawa ya maua, naye hunusa kimoja baada ya kingine akiwa amefumba macho. Hasikii kitu. Anasema hukaa pale na kukumbuka, na kukumbuka nako ni kama kutembea kwenye nyumba uliyokuwa unaishi, unajua vyumba vyote, ila hakuna mtu.

Juzi alidhani amesikia limau. Mkewe alikuwa ameshaliondoa mezani.

Ukimuuliza, harufu ikirudi, angependa ianze ipi, unatarajia ataje mvua, au nywele za watoto wake. Anautazama ule ukuta.

"Ianze hii ya humu ndani," anasema. "Hii mbaya. Hizo nyingine nitazifuata zilipo. Hii ndiyo nataka inikute mapema, nikiwa bado nina miguu ya kutokea nje."